Makaburi Yaliyokuwa kwenye Kompyuta ya Padre

Wairimu wangu,

Ni ajabu kumwandikia barua mtu aliye ng'ambo tu ya shamba, anayemuaga shosho, nyanya yake, na ambaye atarudi kula hapa nami kabla giza halijaingia. Ningeweza kukungoja nikuambie kwa mdomo. Lakini najijua. Ukivua viatu tu mlangoni nitaanza kukuuliza kama umepakia sabuni, na kesho asubuhi utapanda gari la Kitale, kisha la Lodwar, na nitabaki hapa Elburgon na maneno yangu tumboni.

Mambo ya sabuni, ya kufunga mlango na ya kunywa maji mengi sitayaandika. Nimeyasema hadi umechoka, na sweta niliyokulazimisha uichukue najua umeirudisha kabatini. Uko sahihi, Lodwar hakuna baridi.

Nataka kujibu swali lako la Jumapili. Tulikuwa tunamenya viazi nje, ukasema, "Mathe, hiyo hospitali wameniambia kazi yangu ya kwanza ni kuchagua vile tutakuwa tunaweka bakapu, nakala za akiba za faili. Kompyuta ni chache tu, zimeunganishwa na waya. Wewe ungekuwa mimi ungechagua njia gani?"

Nikakuambia, "Uliza watu waliosoma hayo mambo."

Ukanitazama, kisha ukaendelea kumenya. Uliniuliza kwa heshima, kwa sababu unajua nimekaa katika ofisi ya kanisa miaka mingi, nami nikakufungia mlango. Habari ya radi unaijua, kila mtu hapa anaijua. Ulikuwa Fomu Tatu, shuleni, na ulipofunga shule ulikuta mambo yametulia. Lakini yaliyofuata baada ya radi hujawahi kuyasikia kutoka kwangu, na nusu yake ni ya kwako kama ilivyo yangu, kwa sababu yanamhusu kaka yako.

Nianze na kompyuta.

Zilikuwa tatu. Moja kwa Padre Silvano, moja mezani pangu, na nyingine kwa mwalimu wa shule ya chekechea ya kanisa. Fundi Maina alitoka Nakuru akaziunganisha kwa waya na kale kasanduku kenye taa zinazomemeteka, ili jambo likiandikwa kwa moja lionekane kwa zote. Kazi kubwa niliyopewa ilikuwa kuingiza vitabu vya zamani: ubatizo, ndoa, na mazishi. Vile vya mazishi vilikuwa katika hali mbaya. Stoo ilikuwa inavuja, na panya walikuwa wamekula kona za kurasa. Nilikaa na vitabu hivyo muda mrefu. Pale nilipokosa kuelewa mwandiko, Padre alitangaza kanisani, na wenye watu wao waliozikwa pale juu makaburini wakaja ofisini mmoja mmoja wakaniambia: jina ni hili, alizikwa upande huu, jirani yake ni fulani. Nikaandika mbele yao.

Nilijivunia kazi ile, Wairimu. Usifikiri nilikuwa mzembe. Ukikutana na mtu aliyepoteza kitu cha watu, usidhani mara moja kwamba alikuwa mzembe.

Fundi Maina alituambia kuna njia mbalimbali za kuweka nakala. Tungeweza kununua diski ya nje, mtu awe anaichomeka, ananakili, anaichomoa na kuipeleka mahali pengine. Tungeweza kutuma nakala kwenye intaneti, lakini mtandao wetu wakati ule ulikuwa wa kubahatisha. Au angetia diski ya pili ndani ya kompyuta ya Padre, iwe inaandika kila kitu sambamba na ile ya kwanza, bila mtu kugusa. Padre akauliza, "Hiyo ya mwisho haitaki mtu wa kukumbuka?" Fundi akasema haitaki. Padre akanitazama, nami nikasema hiyo ndiyo nzuri. Tulichagua njia ambayo ingetuwezesha kusahau.

Fundi alipokuwa anakunja waya zake aliniambia, "Lakini madam, hizo diski mbili ziko kwa sanduku moja. Kila wiki toa nakala kwa flashi uende nayo nyumbani." Nikasema sawa. Sikumwuliza namna ya kutoa. Niliona aibu. Nilikuwa mwanamke mzima, sekretari wa kanisa, na yeye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nilimwacha aende zake.

Basi kila Ijumaa nilichomeka flashi, nikavuta ile alama ya faili la makaburi kutoka kwenye kioo cha kompyuta yangu, nikaiweka kwenye flashi. Nikafungua kuhakikisha. Ikafunguka. Majina yote yako pale. Nikaichomoa, nikaja nayo nyumbani, nikaiweka katika ile bati ya biskuti uliyokuwa ukinikuta nayo kitandani. Sikuwahi kuruka Ijumaa hata moja, hata wiki ile niliyokuwa na malaria.

Baada ya hapo yakafuata mambo mawili ambayo yalionekana ya busara. Padre aliuliza, "Hivi vitabu vilivyooza tuvifanyie nini?" Nikamwambia vinaleta panya, tuvichome. Tukavichoma. Kisha vijana wa kanisa wakajitolea kusafisha makaburi. Unajua watu wetu wengi hawakuwa na uwezo wa kuweka simiti. Waliweka misalaba ya mbao, kwa sababu Elburgon mbao hazikuwa shida, na mbao zikioza kwenye baridi hii zinabaki vigingi. Vijana waliona vile vigingi vinazuia kufyeka. Wakauliza kama waving'oe. Nikasema, "Ng'oeni tu, mahali pa kila mtu tunapo ofisini." Wakang'oa. Pakapendeza. Palikuwa kama malisho.

Radi ilikuja mchana, msimu wa mvua. Padre alikuwa amekwenda Mau Narok kumpaka mgonjwa mafuta. Mimi nilikuwa mezani. Nilisikia mlio nisioweza kuufananisha na kitu, na ofisi ya Padre ikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Nilipofungua mlango moshi ulikuwa unatoka kwenye sanduku la kompyuta yake. Yangu ilikuwa nzima. Nilibonyeza ile alama ya makaburi, ikaniambia kwamba haioni faili.

Sikuogopa. Nakuambia ukweli, nilikaa kwenye kiti nikawaza, afadhali nina bati yangu.

Nilienda Nakuru na sanduku lililoungua na flashi ndani ya mkoba. Fundi Maina alifungua sanduku kwanza, akatazama diski mbili, akanusa, akatikisa kichwa. Zote mbili zilikuwa zimepigwa pamoja, maana zilikula stima moja, umeme wa waya mmoja. Nikatoa flashi. Akaichomeka kwenye kompyuta yake. Alibonyeza, akabonyeza tena.

"Madam," akasema, "faili yenyewe iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo hapo."

"Hii ni shotikati. Ni alama tu ya kuonyesha kompyuta pahali faili iko. Faili ilikuwa kwa Padre. Wewe umekuwa ukinakili alama."

"Lakini nilikuwa naifungua. Kila Ijumaa inafunguka."

"Ilikuwa inafunguka kwa ofisi yako, kwa sababu waya ulikuwa unaenda kuichukua kwa Padre. Hukuwahi kuifungua mahali pengine?"

Nikamwambia ajaribu tena. Alijaribu, kwa kunionea huruma tu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Hukushangaa kwamba ni ndogo hivi? Haina uzito wowote."

Nikamjibu, "Nilifikiri majina ya watu hayachukui nafasi."

Sikulia pale. Nililia nikifika Njoro, ndani ya gari, na mama mmoja asiyenijua akanishika mkono hadi nikashuka.

Kumbukumbu za ubatizo na ndoa zilipatikana. Dayosisi ilikuwa inapelekewa nakala zake tangu zamani, kwa desturi ambayo hakuna aliyekuwa akiifikiria. Makaburi hayakuwa na desturi hiyo. Yalikuwa yetu peke yetu, mahali pamoja. Padre hakunikaripia. Alisema, "Kuchoma tulichoma wote." Lakini nilimwona akianza kuzunguka njia ya nyuma ili asipite makaburini.

Nilidhani watu watasahau. Kisha akaja Mzee Kiprono.

Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha mbao ujana wake wote, akamzika mkewe Elizabeti hapa, kisha akahamia Mau Narok kwa kijana wake anayelima ngano. Alifika asubuhi amevaa koti na kofia, akasimama mlangoni.

"Hujambo, mama. Nimekuja kuonyeshwa mahali Elizabeti amelala. Watoto wamenisaidia tumechonga jiwe. Liko kwa pikapu."

"Karibu uketi, mzee."

"Nitaketi baadaye. Dereva ana haraka."

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nikamwambia habari ya radi, ya kompyuta, ya vitabu. Alisikiliza akiwa ameinamisha sikio moja. Nilipomaliza akasema, "Lakini mimi nilikupatia. Si ni wewe? Ulikuwa umeketi hapo hapo. Nilikuambia jina, nikakuambia ni upande gani, ukaandika nikiona."

"Ni mimi, mzee."

"Na msalaba wake mlitoa."

"Tulitoa."

"Mlitoa msalaba kwa sababu mlikuwa na kompyuta."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejaribu kuelewa somo gumu. Kisha akavua kofia, akaketi, na dereva akaanza kupiga honi huko nje, na hakuna kati yetu aliyeinuka.

Nikamwambia twende tu tukatazame. Sikuwa na mpango wowote. Niliona aibu kukaa naye chumba kimoja.

Tulipofika pale juu alisimama kwenye nyasi akazunguka polepole. Baadaye akasema, "Siku ile sikuweza kutazama shimo. Nilitazama mbele tu. Nilikuwa naona moshi wa kiwanda unatoka nyuma ya kanisa, ni kama unatoka kwa ule msalaba wa juu ya paa." Kiwanda kimefungwa, lakini bomba lake la moshi bado limesimama. Akaanza kutembea, anaenda kushoto, anarudi, hadi lile bomba likajipanga nyuma ya msalaba wa kanisa. "Ni hapa, ama mbele ya hapa, ama nyuma ya hapa," akasema. Alikuwa amepata mstari, na mstari ulikuwa mrefu, kutoka ua hadi ua.

Mama Chelang'at, unamjua, yule anayeishi karibu na ua wa makaburi, alikuwa anatutazama. Akaja akauliza tunatafuta nini. Nilipomtajia Elizabeti akasema aliimba kwenye mazishi yale. Hakujua mahali. Alijua tu kwamba kwaya ilisimama karibu na mtaro wa maji, kwa sababu viatu vyake vipya viliingia tope na alikuwa na hasira wimbo mzima, na amekuwa akiionea aibu ile hasira tangu siku hiyo.

Mtaro upo hadi leo. Tuliufuata hadi ukakutana na mstari wa Mzee Kiprono. Mzee akaonyesha kwa mkono. Dereva na kijana aliyekuwa naye garini wakaleta jiwe.

Nikamwuliza, kwa sababu nilihisi ni lazima niulize, "Mzee, na kama si yeye?"

Akasema, "Kama si yeye ni jirani yake. Atamwambia nimefika."

Kuanzia hapo watu wakaanza kuja baada ya misa. Jumapili nyingi tulikuwa pale juu. Huyu anakumbuka mti, yule anakumbuka jua lilikuwa linampiga jicho gani, mwingine anakumbuka aliegemea mwamba. Mtu mmoja akikumbuka peke yake tulikuwa tunapotea. Wakiwa wawili, tena waliosimama pande tofauti, mara nyingi tulifika. Wale ambao watu waliowazika walikuwa wote wamekufa, hao hatukuwafikia. Fundi Maina alipokuja baadaye akaanza kunieleza kanuni yao, kwamba kitu cha maana kiwe na nakala tatu, zisiwe za aina moja, na moja ikae mbali, nikamwambia asijisumbue, hiyo nimeshaijua, nimeitembea kwa miguu.

Sasa kuhusu Kariuki.

Unajua ulikuwa na kaka kabla yako. Unajua alikufa mchanga, kwa nimonia. Usichojua ni kwamba siku alipozikwa mimi nilikuwa wodini na joto la mwili lililokataa kushuka. Walioenda makaburini ni watu wawili tu, baba yako na Zakayo mchimba kaburi. Hakukuwa na kwaya. Mtoto wa wiki chache hazikwi na kwaya. Nilipotoka hospitali baba yako alinipeleka, nikaona msalaba mdogo kati ya misalaba midogo mingine. Nilienda mara chache. Baadaye nikawa siwezi, na baba yako akawa anaenda peke yake kung'oa magugu.

Halafu ukazaliwa wewe, na nikapata kisingizio kizuri cha kutokwenda. Nisamehe kwa kukuita hivyo. Ulikuwa kisingizio kizuri kuliko vyote.

Mwaka ule baba yako alipoanza kuugua alinikuta jikoni siku moja akaniambia, "Mama Wairimu, hebu twende nikuonyeshe vizuri pale kwa kijana. Tuhesabu pamoja kutoka uani. Mimi siko vile nilikuwa."

Nikamwambia, "Siku nyingine."

Sikuwa na kazi yoyote siku hiyo, Wairimu. Nilikuwa nimesimama tu jikoni. Sikutaka kusikia lile neno lake la mwisho, kwamba hayuko vile alivyokuwa. Kumfuata makaburini kungekuwa kukubali. Hakuniomba tena, na hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Baba yako alipofariki, Zakayo naye alikuwa ameshatangulia. Nilipoingiza jina la Kariuki kwenye kompyuta niliinakili namba ya kaburi lake kutoka kwenye kitabu kilichooza, na moyo ukatulia. Nikajiambia, sasa yuko salama, hata mimi nikisahau.

Jumapili zile zote nikiwasaidia watu wengine kutafuta wao, nilikuwa nikimaliza naenda upande wa watoto. Pale ni nyasi. Nilijaribu kukumbuka ile mara ya kwanza, baba yako alikuwa amesimama wapi, kivuli chake kililala wapi. Naona uso wake vizuri kabisa. Naona kifungo cha koti lake kilichokuwa kinaning'inia. Mahali sioni. Niliangalia uso wake sikuangalia chini.

Uliwahi kuniuliza, ukiwa chuo, kwa nini mwezi wa Novemba naweka maua kwenye kona ya kuingilia upande wa watoto, siyo kaburini. Nikakuambia nyasi zina umande. Jibu lenyewe ndilo hili: sijui kaburi lake liko wapi.

Niliomba kuacha kazi. Padre alikataa. Alisema akileta mtu mpya, huyo mpya atalazimika kujifunza kwa kupoteza kitu, na sisi hatuna kingine cha kupoteza. Basi nikabaki, na nikaweka utaratibu ninaoufuata hadi leo, ambao ndio jibu la swali lako. Faili liko kwa Padre. Kuna diski ya nje ninayoichomeka, nanakili, naichomoa, kwa sababu kilichochomekwa kinakufa na mwenzake, iwe kwa radi ama kwa virusi. Hiyo diski hailali kanisani. Inalala kwa dada yangu Njoro, na nyingine inapokezana nayo. Nakala nyingine inapanda intaneti usiku, siku hizi mtandao una afadhali. Nywila yake tunaijua watu wawili, mimi na mwalimu wa chekechea, kwa maana mimi pia ni chombo kinachoweza kuungua. Na kila mwezi naichukua ile diski naenda nayo hadi saiba moja mjini, duka la kukodi intaneti, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuona kanisa letu. Nafungua faili. Nachagua jina moja popote, nalisoma lote, mpaka mwisho. Yule kijana wa saiba amenizoea. Aliwahi kuniuliza, "Mathe, kwani huwa unatafuta nani?" Nikamwambia nahakikisha tu wapo.

Wewe unajua majina ya vifaa kuliko mimi. Huko Lodwar kuna joto na vumbi, stima itakuwa na tabia zake, na mtandao hivyo hivyo. Chagua kulingana na hayo. Mimi ninachoogopa ni siku ambayo daktari ataitisha faili la mtoto ajue ni dawa gani ilimdhuru mara ya mwisho, na wewe uwe umemwahidi kwamba lipo kwa sababu uliona alama yake kwenye kioo. Fungua mahali pengine. Soma mgonjwa mmoja. Na wakikuambia tumia njia isiyohitaji mtu kukumbuka, itumie, ni nzuri, lakini wewe kumbuka. Kitu usichokielewa uliza hata kama anayekueleza anafunga mkoba wake. Mwambie afungue.

Nimeandika mengi kuhusu diski, na naona wino umeanza kufifia. Labda ni kwa sababu hayo ndiyo rahisi kuandika. Lingine ni hili. Nilimwambia baba yako siku nyingine, na hiyo siku nyingine haikuja. Kuna siku utanipigia simu nikuambie niko sawa, na sauti yangu haiko sawa. Usiniachie hapo. Niulize mara ya pili. Mimi pia nitakuuliza mara ya pili, na usikasirike ukaniita msumbufu. Baba yako aliniomba mara moja, na mara moja haikunitosha.

Tena usinionee huruma mpaka ushindwe kuondoka. Nilikuona jana umesimama mlangoni unatazama nyumba kama mtu anayetaka kubadilisha nia. Usibadilishe. Nyumba itakuwa kimya, ndiyo. Nitazoea. Nilizoea mara mbili.

Leo mchana ulipokuwa unachukua viatu kwa fundi, nilipanda pale juu peke yangu. Nilitaka kumwambia Kariuki kwamba unaondoka, kwa sababu naona si vizuri mtoto wa nyumbani asafiri bila kaka yake kuambiwa. Nilifika upande wa watoto nikasimama. Kulikuwa na upepo kutoka msituni, na nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja. Sikujua nigeukie wapi. Nilijaribu kutazama uani, nikaona hapana, nikatazama mtaroni, nikaona hapana.

Mwishowe nilisimama katikati, nikasema kwa sauti ya kufika pembe zote: dada yako anasafiri kesho.

Wote wakasikia.

Mama yako